Msiba Hukaliwa, Nani Ataandamana?

Nianze na ugomvi. Tangu Goma ilipotekwa na M23 mwezi Januari 2025, vijana wenzangu wameleta mashairi mengi ya vita kwenye gazeti hili, na nimeyasoma karibu yote. Mengi yananichosha. Damu inatiririka kama mto. Bunduki inalia ta-ta-ta. Mtoto analia, mama analia, mtunzi naye analia, halafu ubeti wa mwisho unatuambia tupendane. Ndugu mtunzi, umelia vizuri, hatukatai. Lakini aliyekufa ni nani? Alikuwa anauza nini sokoni? Nani alikuwa anamdai?

Mimi sidhani kama ni upungufu wa vipaji. Vina vipo, mizani ipo, wengine hata tamathali wanazo za kutosha na kubaki. Nadhani tatizo ni mkao. Mtunzi amekaa.

Sisi msiba tunaukaa. Hapa Moshono akifa mtu utaliona turubai asubuhi hiyo hiyo, viti vya kukodi vinashushwa, sufuria la chai liko jikoni, wazee upande huu na kina mama upande ule. Unaulizwa, "Umekaa msibani siku ngapi?" Hata lugha imeamua hivyo: tunakaa matanga. Mshairi wetu wa vita naye amekaa vivyo hivyo, tena kwenye kiti cha nyuma kabisa, anapokea habari kutoka redioni na kusema pole.

Lakini siku ya kuzika hatukai. Tunanyanyuka na kufuata jeneza kwa miguu, kutoka kanisani hadi nyumbani kwa marehemu kwenye migomba, kwaya mbele na wimbo wa Mwimbieni Bwana, vumbi mpaka magotini. Bodaboda anazima pikipiki. Mwenye duka anarudisha nusu ya mlango. Asiyemjua marehemu anauliza, "Ni nani huyo?" na anajibiwa: ni yule fundi cherehani wa pale chini, mtoto wa fulani. Katika mwendo ule jina la mtu linasemwa mara nyingi kuliko siku zote tatu za kukaa.

Sasa angalieni neno. Mwezi huandama. Kuandama ni kufuata. Kuandamana, kabla polisi na wanasiasa hawajaligombania neno hili, ni kufuatana tu, mtu nyuma ya mtu. Kwa hiyo maandamano ya kuwalilia waliouawa vitani si jambo la kuazima ng'ambo, kama alivyonibishia mwenzangu mmoja. Ni yale mazishi yetu ya Moshono, ila jeneza halipo, kwa sababu maiti imebaki porini au imefukiwa na wenzake kwenye shimo moja. (Wengine wataniuliza habari za kibali. Hilo waulize OCD, mimi nahakiki fasihi.)

Tatizo ni kwamba nchi yetu imezoea maandamano ya namna nyingine. Ya kuunga mkono. Mwaka 1967, baada ya Azimio kutangazwa hapa hapa Arusha, watu walitembea mikoa yote kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alitoka Arusha kwa miguu kuelekea Dar es Salaam akafia njiani. Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Sibezi hata kidogo. Nasema tu kwamba miguu yetu ilifundishwa kusema ndiyo, haikufundishwa kulia.

Na fasihi yetu ya vita je? Soma majina ya tenzi tu, bila hata kufungua kitabu. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah. Utenzi wa Vita vya Maji Maji, wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wa Shaaban Robert, juu ya vita kuu ya pili. Halafu mwaka 1981 Henry Muhanika akatupa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Kila jina linataja vita, na mawili kati yake yanakwambia nani katamalaki au nani kaanguka. Hakuna hata moja linalotaja waliozikwa. Utenzi ni chombo kikubwa, mimi ni mpenzi wake, lakini unapenda kusimama kilimani na kutazama majeshi. Kutoka kilimani mtu mmoja mmoja haonekani.

Sanamu nazo ni hivyo hivyo. Yule Askari wa Dar es Salaam, aliyesimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita kuu ya kwanza, ana bunduki na singe. Wapagazi waliomkubebea mzigo je? Wa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kufa karibu 95,000, wengi kwa njaa na maradhi, wachache kwa risasi. Walikufa wakitembea, jamani! Kumbukumbu yao inayotajwa kila siku ni jina la mtaa wenye soko, Kariakoo, kutokana na lile neno la Kiingereza la kikosi chao. Watu wananunua nyanya pale bila kujua kwamba wanataja wafu.

Kagera iko karibu zaidi. Majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Shuleni tulikariri sababu, nia na uwezo. Hesabu inayotajwa sana ya askari wetu waliokufa ni 373, na wananchi wa Kagera wapatao 1,500. Hii ya pili hatukuikariri. Kuna mzee jirani yangu alikuwa mgambo akachukuliwa kwenda kule. Ukimtegea akupe mapigano, hakupi. Anachokueleza ni kutembea: Mutukula, Masaka, Lukaya, malori hayatoshi, viatu vimelowa, na yule aliyekuwa mbele yake kwenye mstari, ambaye kufika mahali fulani hakuwa mbele yake tena. Anasimulia hivyo tu, mgongo wa mtu. Nimewahi kufikiri kwamba ule mgongo una fasihi kuliko mashairi yote niliyoyataja mwanzoni.

Sasa twende walikotembea kweli kwa ajili ya wafu. Tarehe 17 Oktoba 2010 maelfu ya wanawake waliandamana Bukavu, katika kilele cha Matembezi ya Dunia ya Wanawake, na wajumbe walitoka nchi zaidi ya 40. Katika siku hizo wajumbe walikwenda pia Mwenga, mahali ambapo mwaka 1999 wanawake walizikwa wakiwa hai. Hebu ifikirie safari hiyo kama mhakiki. Hawakwenda kwenye "vita vya Kongo", neno kubwa lisiloshikika. Walikwenda mahali, kwa wanawake wale, kwa mwaka ule. Hiyo ndiyo fani. Maudhui yanafuata yenyewe.

Sisemi kwamba ilikuwa safi. Mke wa Rais, Olive Lembe Kabila, naye alitembea Bukavu siku ile, wakati askari wa serikali hiyo hiyo walikuwa miongoni mwa walioshutumiwa kwa ubakaji. Akiingia mkubwa kwenye mazishi, watu wanamtazama mkubwa. Kila mtu aliyewahi kuzika anajua hilo. Na kwenye shairi mkubwa huyo ni mtunzi, pale anapojitokeza mbele na machozi yake ili kamera imwone.

Kigali ni mfano mwingine. Mwaka 2009 vijana wa Rwanda walianzisha matembezi ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Watutsi, jioni ya tarehe 7 Aprili. Yakakua, viongozi wakajiunga, na kwa miaka mingi yalifuata njia ya kutoka Bungeni hadi uwanja wa Amahoro, ambako mishumaa iliwashwa. Kinachonigusa ni ule mwendo wa pole pole. Hawapigi kelele za kudai kitu. Lakini kumbukumbu ile nayo ina mlango, na si kila mfu wa ukanda huu anaruhusiwa kupita. Wakimbizi wa Kihutu waliouawa Kongo mwaka 1996 na 1997, ambao ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliwaandika, hawana matembezi. Sisemi mizani ni moja. Nasema nao walikuwa na mama zao.

Na sisi watu wa Arusha tumo, tusijifanye watazamaji. Mkataba wa amani ya Rwanda ulisainiwa mjini kwetu tarehe 4 Agosti 1993, na miezi minane baadaye watu walikuwa wanachinjwa. Halafu mahakama ikaletwa huku, ikakaa AICC tangu 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na watu 93 walishitakiwa. Miaka 20! Mashahidi walifika, wakasema, wakatafsiriwa, wakaondoka. Daladala zetu zilipita nje. Jiji hili limehifadhi vifo kwenye mafaili kuliko jiji jingine lolote la Afrika Mashariki, na bado mtunzi wa Arusha akitaka kuandika vita anaanza na mto wa damu.

Lipo shairi moja katika bahasha hii la msichana wa huku huku Moshono. Hajafika Kongo. Ni shairi la mwanamke anayetoka Sake kwenda Goma, amebeba godoro kichwani, na mtunzi anamfuata nyuma. Basi. Ubeti baada ya ubeti tunaona visigino, kanga iliyofungwa mara mbili, sufuria inayogonga kiuno, mtoto anayegeuka kututazama. Katikati, bila tangazo, watoto waliokuwa watatu wanakuwa wawili, na mwanamke hasimami, kwa sababu nyuma kuna watu na wao wanatembea. Nililisoma kwenye daladala nikapitiliza kituo. Vina vimelegea hapa na pale, ubeti wa nne una silabi zisizo na kazi, lakini huyu binti ameandamana.

Ila ubeti wa mwisho anasimama, anageuka kwetu, na kutuhimiza Waafrika tushikamane. Nilimwomba aukate. Nilimweleza yote haya niliyowaeleza ninyi, mpaka chai ikapoa. Amekataa. Anasema bibi yake alimwambia mtu hawezi kutoka makaburini bila neno la shukrani kwa waliofika. Tumelichapa ukurasa wa 14, kama alivyolileta.