Utukufu na Ushirika: Maneno Mawili ya Ibada Yasikikavyo Bagara

Katika msamiati wa ibada ya Kikristo ya Kiswahili ni machache yatajwayo mara nyingi kama maneno utukufu na ushirika, na ni machache yaliyochunguzwa kidogo kama hayo. La kwanza lataja vile Mungu alivyo. La pili lataja vile mwanadamu awezavyo kuwa pamoja naye. Makala haya yakusudia kuyapima maneno hayo kama yalivyotumika katika Biblia ya mwaka 1952 iitwayo Union Version, na kuuliza kama yachukua maana ile yaliyokabidhiwa na watafsiri.

Nimechagua kuyapima Bagara, kata ya mji wa Babati mkoani Manyara, kwa sababu Kiswahili huko ni lugha ya ibada kwa watu ambao wengi wao walianza na lugha nyingine. Hapo hukutana Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi, na Warangi na Wambugwe, ambao lugha zao ni za Kibantu. Tena Waislamu na Wakristo ni majirani. Neno la dini linapopita mahali kama hapo haliwezi kutegemea mazoea peke yake. Lapimwa kwa maneno mengine ambayo msikilizaji anayo tayari moyoni.

Tuanze na utukufu. Mzizi wake si wa Kiarabu, kwa hiyo neno hili halikuguswa na ile hoja kubwa ya Karl Roehl, ambaye katika Biblia yake ya mwaka 1937 alijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu. Latokana na kitenzi kutukuka, kwa njia ile ile ambayo pungufu hutokana na kupunguka. Vivumishi vya namna hii hueleza hali iliyofikiwa: kilicho pungufu kimepunguka, na kilicho kitukufu kimetukuka, yaani kimepanda juu ya vingine. Basi picha iliyomo ndani ya neno ni picha ya kimo. Ndiyo maana Waislamu husema Kurani Tukufu na Mwezi Mtukufu, na ndiyo maana nchini Kenya, katika miaka ya Rais Moi, kiongozi wa nchi aliitwa Mtukufu Rais. Aliye mtukufu yuko juu, na sisi tuko chini.

Lakini neno la Kiebrania ambalo utukufu hulifasiri, yaani kavod, halianzi na kimo. Laanza na uzito. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 40, utukufu washuka na kuijaza hema hata Musa hawezi kuingia. Kizuizi si umbali, bali ni wingi wa kuwapo. Mungu hakupanda, ameshuka, na nafasi haikutosha. Paulo, aliyeandika Kiyunani lakini akawaza kama Mwebrania, aliyakumbuka hayo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 4, mstari wa 17, alipoilinganisha dhiki iliyo nyepesi na utukufu ulio mzito. Mizani ya usemi wake ni hiyo: wepesi upande huu, uzito upande ule. Katika Union Version wepesi wa dhiki umebaki, lakini uzito wa utukufu umegeuka kuwa wingi. Mizani imebaki na sahani moja. Hili si kosa la kuipotosha imani, wala siwalaumu watafsiri kana kwamba hawakujua Kiyunani. Walisikia, nadhani, ya kuwa Kiswahili hakijazoea utukufu wenye uzito, wakachagua neno lisilomsumbua msomaji. Lakini msumbuko ule ndio uliokuwa fundisho.

Kinyume chake, upo mahali ambapo watafsiri walipata zaidi ya walichokitafuta. Katika Sala ya Bwana, ombi la kwanza kwa Kiyunani lahusu utakatifu wa jina la Mungu, wala si utukufu wake. Kitenzi kutakasa kilikuwapo, na Union Version yakitumia penginepo. Lakini kutakasa hutokana na kutakata, na kuliombea jina la Mungu litakaswe kungeonekana kama kusema kwamba limechafuka. Wakatumia kutukuza. Basi kwa Kiswahili sala yaanza na kutukuza na, kwa wale waongezao sifa ya mwisho, yaishia na utukufu: mzizi mmoja wafungua na kufunga. Mviringo huo haumo katika Kiyunani. Ni mali ya Kiswahili, nayo ni mali nzuri, kwa kuwa yatufundisha ya kwamba kumtukuza Mungu si kumwongezea kitu. Utukufu tunaoukiri mwishoni ulikuwa wake kabla hatujaanza kuomba.

Hata hivyo kimo hakijatuacha. Tumfikirie Mwiraqw wa Bagara asikiaye neno hili kanisani. Katika lugha ya mababu zake jina la Mungu, Lo'a, ndilo jina la jua, na sarufi yenyewe yalihesabu kuwa la kike. Wataalamu walioandika juu ya dini ya asili ya Wairaqw wakubaliana kwamba Lo'a hufikiriwa kuwa mwema, kama mama. Wa kuogopwa ni netlangw, pepo wakaao katika chemchemi na maji. Kwa mtu huyo, kilicho juu kabisa ndicho kimfikiacho kila asubuhi mlangoni pake. Urefu wa jua haumtengi naye. Joto lake lamgusa ngozi. Utukufu ukihubiriwa kwake kama enzi ya mtawala asiyekaribika, hofu iliyokuwa ya chemchemi yahamishiwa mbinguni, na Injili yampa Mungu aliye mbali kuliko yule aliyemjua. Utukufu ukihubiriwa kama nuru ishukayo, atakuwa karibu zaidi na kitabu cha Kutoka kuliko wengi wetu. Sisemi ya kuwa jua ni Mungu, na Maandiko yenyewe yakataza kuliabudu. Nasema ya kuwa picha ya nuru yaweza kuliponya neno lililopungukiwa na picha ya uzito.

Tuje kwenye ushirika. Neno hili ni la asili ya Kiarabu, nalo lina ndugu wawili wasiopatana. Mmoja ni wa sokoni: chama cha ushirika, ambamo kila mwanachama ana hisa yake. Wa pili ni wa msikitini: shirki, dhambi ya kumfanyia Mungu mwenzi, ambayo katika Uislamu hapana kubwa kuipita. Mkristo wa Bagara asemapo ana ushirika na Mungu, jirani yake Mwislamu aweza kusikia kwamba amejifanya mshirika wa Mungu. Mwislamu mwenyewe, atakapo kueleza jambo la jinsi hiyo, husema kumkurubia Mungu: lugha ya ukaribu, si ya hisa. Tofauti hii ya imani ni ya kweli wala haifai kufichwa. Lakini sehemu ya ugomvi ni ya msamiati, na kazi ya mhakiki ni kuitenga sehemu hiyo.

Yohana, sura ya 17, yatupa njia. Humo utukufu na umoja vyafungwa pamoja: utukufu watolewa kwa wanafunzi ili wawe wamoja. Hakuna anayegawana Uungu. Aliye nao ampa asiye nao, na aliyepewa aitikia. Hapa pia nchi ya Babati ina ushahidi wake. Wairaqw wana slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya mkutano akiomba baraka na amani, na waliohudhuria huitikia kwa pamoja. Dua hiyo si ya mzee peke yake. Sauti moja yatangulia, sauti nyingi zaithibitisha, na bila itikio haitimii. Anayejua slufay hahitaji kuelezwa kwamba ushirika si hisa. Ni itikio.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Utukufu na ushirika yabaki; hatuna maneno bora, na miaka mingi ya sala imeyatia thamani isiyonunulika. Lakini watakaotafsiri tena wampe Paulo uzito wake, hata kama sikio litashtuka. Na wafasiri wa Maandiko waache kuusawazisha utukufu wa Mungu na vyeo vya wakubwa. Mkubwa wa dunia hutukuka kadiri watu wanavyozuiwa kumkaribia. Yule wa kitabu cha Kutoka aliijaza hema iliyosimamishwa katikati ya watu, wakasafiri naye.