Winchi Haifi Mtoni

Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekatika, dereva mmoja aliegesha Land Cruiser mbele ya gereji yetu Katesh akasema winchi imekufa. Mara ya mwisho aliitumia mwezi wa nne, kwenye udongo wa mbuga kati ya Basotu na Haydom, ikamtoa bila shida. Tangu siku hiyo hakuigusa. "Fundi, sijaiumiza hata kidogo," aliniambia, nami nilimwamini. Tulilegeza bolti mbili ndefu zinazoshika mota, nikaiinamisha juu ya gunia. Yakamwagika maji ya rangi ya chai, kama nusu kikombe, na nyuma yake unga wa kutu.

Maji hayo yaliingia Aprili, siku ambayo mota ilivuta bila shida. Kwa nini ife Juni, ikiwa imekaa tu?

Madereva wengi huamini maji huingia kwa sababu mto ulikuwa wa kina au sili imechoka. Sili iliyochoka hufungua njia, lakini kinachoyavuta maji ni joto. Winchi ya kuvuta kilo 4,300 hivi, kwa umeme wa volti 12, hunywa takribani ampia 400 ikibeba mzigo wake wote. Vuta dakika mbili gari lililozama hadi ekseli, kisha jaribu kushika gamba la mota: halishikiki. Hewa ya ndani imetanuka na sehemu yake imeshatoroka. Gari likitoka kwenye tope na kutumbukia kwenye korongo la maji baridi, hewa iliyobaki inasinyaa ghafla na mota inavuta pumzi. Kilichopo penye shina la tamino saa hiyo ni maji, basi inavuta maji. Difu ya gari nayo huugua hivyo hivyo: mrija wake wa kupumulia ukiziba kwa tope, ukivuka mto oili inageuka chai ya maziwa.

Sasa fuata maji hayo kiangazi. Ni machache, na hayana pa kutokea. Mchana jua linapiga bampa, yanapanda kuwa mvuke. Usiku wa Juni na Julai, ambao huku Hanang na juu Mbulu ni baridi kweli, mvuke unarudi kuwa matone juu ya amecha, kile kiini cha mota kinachozunguka. Hali hiyo hurudia kila siku mpaka kaboni zinagandia kwenye nyumba zake. Springi inasukuma lakini kaboni haisogei, haigusi komyuteta, na umeme haupiti. Hicho ndicho tulichokikuta. Angekuwa na mota ya sumaku ya kudumu angeumia zaidi, maana kutu huota chini ya sumaku, inavimba na kuibandua, na vipande vyake vinasaga amecha.

Anayepita kando ya Ziwa Balangida ana jambo la ziada. Tope la pale lina chumvi na magadi, na magadi hula alumini, ambayo ndiyo gamba la winchi nyingi. Ukiona unga mweupe kwenye maungio, usiupanguse ukaondoka. Osha kwa maji safi siku hiyo hiyo, kwa ndoo na brashi. Mashine ya kuoshea magari iweke mbali: ule msukumo unapenyeza maji kwenye sili ambayo mto wenyewe ulishindwa kuipita.

Kazi yetu ilichukua asubuhi moja. Tulipiga alama kwenye gamba ili mota irudi ilivyokuwa, tukatoa kaboni, tukasafisha nyumba zake mpaka zikateleza kwa kidole. Komyuteta tuliipitisha msasa laini wa karatasi. Ule wa kusugulia chuma huacha chembe zinazopitisha umeme kati ya vipande vya shaba. Amecha ilikaa juani mpaka adhuhuri. Gia tulizipaka grisi mpya. Breki, ambayo kwa winchi nyingi za aina hii imo ndani ya dramu, hatukuipaka chochote, kwani breki yenye grisi huachia mzigo, na mzigo ukiachia mlimani mtu anakufa. Waya tuliukagua kama una nyuzi zilizokatika. Hilo halihitaji maneno mengi.

Wapo mafundi wanaopaka silikoni kila penye tundu wakaridhika. Siafikiani nao. Mota iliyozibwa kote bado inapata moto na bado itavuta pumzi, na maji yakipenya hayatoki tena. Mimi huziba maungio, kisha naipa mota pua: tundu dogo juu ya kifuniko, mbali na kaboni, lenye mrija unaopanda hadi karibu na betri. Chini naweka skrubu ya kumwagia maji, ifunguliwe mvua zikiisha. Solenoidi, zile swichi za kuwashia mota, nazo nazihamishia juu. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi, dereva atoe waya mita kumi na kuurudisha, gari likinguruma, ili kaboni zisisahau njia yake.

Nasisitiza kazi hii ifanyike mwezi wa sita, mapema, kwa sababu kwetu mvua huanza Novemba au Desemba. Tope la Mlima Hanang lilishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80 na kufunika barabara kwa mawe na magogo. Siku kama ile hakuna wa kukupa asubuhi nzima ya kukausha amecha juani.

Tulipomaliza, dereva aliufuata ule mrija kwa kidole kutoka bampa hadi betri, akanyamaza kidogo, akauliza: "Na ule wa difu, fundi, uko wapi?" Tuliingia chini ya gari. Ulikuwa umejaa tope kavu, gumu kama tofali. Nikalegeza nati ya kumwagia oili. Ikatoka nyeupe.