Kusoma Mwangwi wa Nguzo za Msingi Katika Ardhi ya Lamu

Mwenye kutaka kuitambua kazi bora ya kupima uzima wa nguzo za msingi, asimtazame fundi jinsi agongavyo kwa nyundo, bali amsikilize aulizavyo habari za udongo. Maana mtungi ulioshikwa mkononi hulia ukigongwa, na uleule ukizikwa mchangani hadi shingoni hunyamaza, ilhali hauna ufa.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kichwa cha nguzo hugongwa kwa nyundo ndogo, mshindo ukateremka ndani ya zege kwa mwendo wa takriban mita 4,000 kwa sekunde, ukafika kitakoni na kurudi, na chombo kilichobandikwa juu kikaunakili mwangwi wake. Nguzo ya mita 15 huchukua kama milisekunde 7.5 kwenda na kurudi. Lakini njiani udongo huinyonya nguvu ya mshindo, na kadiri ulivyo mgumu ndivyo unyonyavyo, hata aghalabu nguzo ambayo urefu wake umepita mara 30 ya kipenyo chake, katika ardhi ngumu, haileti mwangwi wa kitako unaosomeka.

Kwetu Lamu, ambako gati la kwanza la bandari lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021, mtihani huu wa udongo ni mkubwa. Penye mikoko ni tope laini. Shela ni mchanga. Manda, kule Maweni wanakochonga mawe ya kujengea, ni tumbawe. Nguzo ipitayo topeni kisha ikaingia tumbaweni huandika, pale mpakani, alama mfano wa ile ya nguzo iliyovimba. Na itokapo tabaka gumu kuingia laini, huandika alama ya nguzo iliyokonda, na hapo ndipo nguzo nzima huhukumiwa kwa dhuluma. Tena tumbawe lina mapango, na zege mbichi ikimiminika humo, uvimbe huwa ni wa kweli.

Kwa hiyo mimi huithamini ripoti iliyoweka tabaka za udongo ubavuni mwa kila mchoro, ikalinganisha nguzo jirani: alama ionekanayo katika zote kwa kina kimoja, aghalabu ni ya udongo, ionekanayo katika moja peke yake, yataka kuchunguzwa. Na fundi aandikaye waziwazi kwamba kitako hakikusomeka, akashauri nguzo hiyo itobolewe ili zege yake itazamwe, namwamini kuliko aliyezipitisha zote bila kuujua udongo zilimosimama.