Misonobari ya Roma na Njia ya Majeshi

Muziki wenye kuchora mahali hauna budi kuulizwa: wampa nini asiyepata kupaona? Mtu wa Kasokola, upande wa Mpanda, amezoea miombo ipukutishayo majani kila kiangazi. Msonobari wenye kichwa kama mwavuli hakuukuta. Walakini akiisikiliza Pini di Roma, utunzi wa Mtaliano Ottorino Respighi uliopigwa mara ya kwanza mjini Roma Desemba 1924, hatatoka mikono mitupu.

Sehemu ya kwanza ni watoto bustanini, wakiimba na kujifanya askari. Haihitaji mkalimani. Ya pili yashuka kwenye makaburi ya Wakristo wa kale, na humo mwasikika mahadhi ya sala za Kilatini. Hayo nayo si mageni Katavi: Mapadri Weupe walifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Misa ya Kilatini ikadumu hadi miaka ya 1960.

Sehemu ya tatu ni usiku wa mbalamwezi. Mwishoni mwake mtunzi aagiza ipigwe sahani ya santuri yenye sauti ya ndege wa kweli, usignolo, ambaye Mswahili angemfananisha na kurumbiza. (Siti binti Saad alikuwa bado hajaenda Bombay kutia sauti yake katika santuri, hilo lilikuja 1928.) Wako wanaouona huo kuwa ujanja mwepesi. Hoja yao haina uzito. Fidla zatetema chini kabisa, okestra nzima imejitenga kumpisha kiumbe mmoja. Hiyo ni adabu, na ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote.

Shaka imo katika ya nne. Ni alfajiri, Njia ya Appia. Hatua za jeshi zaanzia mbali, zakua, hata tarumbeta na kinanda vikapasua anga. Mchezo wa wale watoto umekuwa askari wa kweli. Mussolini alikwisha kuwa madarakani utunzi ulipotolewa. Oktoba 1935 majeshi yake yaliivamia Ethiopia. Respighi alifariki 18 Aprili 1936, na Addis Ababa ikatekwa 5 Mei. Mwaka 1937 nguzo ya Aksum, iliyochukuliwa huko, ilisimamishwa Roma penye Porta Capena, pale pale Njia ya Appia ilipoanzia zamani. Ilirudishwa kwao 2005.

Si haki kumtwisha mtunzi vita vya miaka kumi na moja baadaye. Lakini sikio la Afrika Mashariki lina haki ya kuuliza jeshi hili linatoka kwa nani. Jawabu limo, ingawa dogo: mapema katika mwendo ule, zumari moja la sauti nzito lalia peke yake, mahadhi yake yakipindapinda kama ya Mashariki. Aliyelelewa na taarab atasimama hapo, asikie mateka katikati ya washindi. Kisha tarumbeta zalifunika, na halisikiki tena.