Kipimo cha Haki ya Ujira: Kutoka Bandari ya Kuli hadi Ufuo wa Kisian

Tangu miaka ya 1970, fasihi ya Kiswahili imempa mfanyakazi nafasi ya heshima. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979) na tamthilia ya Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981) hazikosi kutajwa kila suala la unyonyaji linapojadiliwa. Hata hivyo, uhakiki wa kazi hizi umeelekea kuanzia mwishoni. Mhakiki hutangaza kwamba ujira ni dhuluma, kisha huonyesha jinsi wahusika wanavyozindukana na kuikubali hukumu hiyo. Swali linalotangulia huachwa kando: mfanyakazi mwenyewe hupima vipi haki ya malipo yake? Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho ni cha ulinganifu kabla ya kuwa cha kiasi. Aidha, yanadai kwamba kazi hizi mbili zimekidhihirisha katika mshahara tu na kuuacha mgao, ambao ndio msingi wa malipo ya wavuvi wengi wa Ziwa Viktoria, wakiwamo wale wa pwani ya Kisian.

Lugha yenyewe ni shahidi wa kwanza. Neno mshahara lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Kinachopimwa ni muda. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti cha kazi, na jina la cheti likahamia kwenye kazi na hatimaye kwa mtu. Posho ni chakula. Kinachopimwa ni tumbo. Katika Kenya ya kikoloni, kipande kilichotekelezwa kuanzia 1920 kiliongeza kipimo kingine. Malipo ya mfanyakazi yaliandikwa humo, naye akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Mwajiri mpya aliweza kujua bei ya mtu kabla hata ya kumwuliza jina. Ulinganifu, basi, ulikuwapo tangu hapo, ila ulikuwa mali ya mwajiri peke yake. Mgomo, kwa maana hii, ni jitihada ya mfanyakazi ya kuutwaa ulinganifu huo. Ndivyo ilivyokuwa Mombasa mnamo Januari 1947, ambapo madai ya malipo sawa kwa kazi sawa yaliandamana na kilio cha gharama za maisha. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imewapeleka watu wengi wa Nyanza kwenye bandari hiyo; kwa hiyo hoja hizo hazikuwa ngeni kandokando ya ziwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Stacy Adams, aliieleza dhana hii mwaka 1963. Kwa maoni yake, mtu hulinganisha uwiano wa anachotoa na anachopata na uwiano wa mwenzake; tofauti ikizidi, huona dhuluma. Dhana hii inaangaza Kuli kwa namna ya pekee. Rashidi ni mwana wa kuli anayeingia katika kazi ya baba yake, na umaskini wake ni wa kurithi. Lau njaa peke yake ingetosha kuzaa mgomo, kizazi cha baba kingeutangulia. Kinachojengwa na riwaya hadi kufikia mgomo wa Zanzibar wa 1948 ni uwezo wa makuli kulinganisha kwa pamoja. Hapa ndipo dhana ya Adams inapopungukiwa. Mfanyakazi wake huona dhuluma akiwa peke yake, na aghalabu huirekebisha peke yake, ama kwa kupunguza bidii ama kwa kuacha kazi. Kuli wa Shafi hujirekebishia mizani pamoja na wenzake.

Kilio cha Haki inaongeza utata. Wafanyakazi wa shamba la Delamon wanaongozwa na Lanina, mwanamke, na uongozi wake unatiliwa shaka kwa sababu ya jinsia yake. Mizani wanayomwekea mwajiri, baadhi yao wanasita kuigeuza na kujipima wenyewe. Mazrui anaonyesha kwamba ulinganifu una mipaka: mtu huamua kwanza nani ni mwenzake wa kulinganishwa naye, ndipo apime.

Kisian, magharibi mwa Kisumu, mahali njia ya Busia na ya Bondo zinapoachana, panatoa jaribio gumu zaidi kwa uhakiki huu. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ina kituo hapo, na ziwa haliko mbali. Basi mtu wa mshahara na mtu wa mgao hununua unga katika soko moja. Mvuvi wa omena anayekesha majini kwa mwanga wa taa hana mwezi wa kuhesabu wala cheti. Samaki wakiuzwa, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye mashua na mabaharia wake. Ziwa likikataa, kila mtu hukosa, na ukosefu huo hauitwi dhuluma. Lakini hesabu ikifichwa, hata mgao mnono hutiliwa shaka. Maswali ni haya: Nani alikuwapo samaki walipouzwa? Mafuta yaligharimu kiasi gani? Wavu una fungu la watu wangapi? Haki hapa hupimwa kwa uwazi wa hesabu kabla ya kupimwa kwa ukubwa wa fungu.

Mhakiki mwenye neno moja tu, unyonyaji, hawezi kuisikia tofauti hii. Mwenye mashua wa Kisian si Delamon. Yumkini ni jamaa wa baharia wake, na huenda naye ana deni la wavu. Si kwamba hadhulumu; ila dhuluma yake hujificha katika makato, nao undugu huifanya iwe vigumu kuitaja. Wahenga walisema Mgala muue na haki umpe, kwa maana kwamba haki hutolewa hata kwa adui. Swali la ufuoni ni zito zaidi: haki hudaiwa vipi kwa ndugu? Kuli na Kilio cha Haki zilimfundisha msomaji kudai mbele ya mgeni. Riwaya itakayoketi ufuoni alfajiri, ikahesabu madebe ya omena pamoja na waliokesha, ndiyo itakayoikamilisha mizani hiyo.