Pipa la Taka Lililokuwa na Maana Mbili

Kompyuta ya kwanza ya Macintosh ya kampuni ya Apple ilipoingia sokoni Januari 1984, skrini yake ilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo, kila moja nyeusi au nyeupe. Kijivu chenyewe kilipatikana kwa kuchanganya nukta hizo. Humo ndimo mbunifu wa picha Susan Kare alimotakiwa kuwaonyesha watu wasiowahi kugusa kompyuta pa kutupia faili na wakati wa kusubiri.

Kare alisomea sanaa hadi shahada ya uzamivu, kompyuta hakuijua. Aliitwa Apple na Andy Hertzfeld, rafiki yake wa tangu sekondari, akaanza kazi kwenye daftari la miraba, mraba mmoja kwa nukta moja. Kila picha ilipewa miraba 32 kwa 32. Uhaba huo ulimfaa: mng'ao na kivuli havikuwa na nafasi, kikabaki kile tu kinachoitambulisha saa ya mkono au ndoo inayomwaga rangi.

Lakini kufanana si kila kitu. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alipolalamika kwamba nembo ya tufaha, iliyoonyesha amri za kibodi, imezagaa mno kwenye menyu, Kare alipekua kamusi ya alama akakuta mraba wenye vitanzi pembe nne, ambao Uswidi huutumia kuwaelekeza wasafiri mahali pa kuvutia. Haufanani na amri yoyote. Hata hivyo watu waliuzoea upesi, kwa sababu alama iliyo kwenye kibodi ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye menyu, na kazi yake haibadiliki. Ungali kwenye kibodi za Apple.

Pipa la taka ndilo lililokosa uthabiti huo. Mchoro wake ulieleweka mara moja: ukiburuta faili humo, umeitupa. Tatizo ni kwamba wahandisi waliliongezea kazi ya pili. Ukiburuta picha ya diski humo humo, mashine iliitema diski bila kufuta chochote. Ilikuwa njia ya mkato yenye manufaa, lakini mtu mwenye kazi ya wiki nzima ndani ya diski alikuwa na haki kabisa ya kuogopa. Picha ilisema tupa, programu ikasema toa.

Dawa ilikuja na mfumo endeshi wa Mac OS X: mtumiaji akianza kuburuta diski, pipa hugeuka kuwa alama ya kutolea, pembetatu juu ya mstari, ile ile ya mashine za kanda na video.