Maumivu ya Mwezi wa Nne, Msimbo wa Siku ya Nne

Usimbaji wa maumivu baada ya upasuaji unategemea maswali mawili: je, maumivu hayo ni yale yanayotarajiwa, na je, yamedumu kwa muda gani tangu kisu kipite? Mwongozo wa Marekani wa ICD-10-CM, ambao umesambaa kupitia mafunzo ya mtandaoni hadi kwa wasimbaji wa Afrika Mashariki, umelijibu vizuri swali la kwanza: maumivu ya kawaida ya siku za mwanzo hayapewi msimbo wake. Swali la pili umeliharibu.

Kanuni inayolalamikiwa ni fupi. Daktari asipoandika kama maumivu ni ya muda mfupi au ni sugu, msimbaji achukue ya muda mfupi: G89.18, si G89.28. Mwongozo huohuo unasema pia kwamba hakuna muda maalumu unaoyafanya maumivu yawe sugu, na kwamba kinachofuatwa ni maandishi ya mtoa huduma. Kanuni hizi mbili zikikutana, tarehe ya upasuaji iliyomo ndani ya faili inakosa kazi. Msimbaji anaiona, anaweza kuhesabu miezi kwa vidole, ila hana ruhusa ya kuhesabu. Anachotafuta ni neno moja. Anaweza kumrudishia daktari faili na kumuuliza, lakini kanuni imeshamwondolea sababu ya kujisumbua.

Kibaya zaidi, kosa hili halielemei pande zote mbili sawasawa. Daktari akisahau kuandika, mgonjwa wa siku ya nne na mgonjwa wa mwezi wa nne wote wanaingia kwenye kapu la muda mfupi. Hakuna anayeingia kimakosa kwenye kapu la sugu. Takwimu zinazotoka hapo lazima zionyeshe maumivu sugu kuwa machache kuliko yalivyo, na bajeti ya dawa hufuata takwimu. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na uzee wake, ilikuwa na adabu zaidi. Haina msimbo maalumu wa maumivu ya upasuaji, lakini ina R52.0 kwa ya muda mfupi, R52.2 kwa maumivu mengine sugu, na R52.9 kwa yasiyobainishwa. Humo, kutojua kuna namba yake.

Athari ya kanuni ya Marekani inaonekana vizuri mahali kama Ipole nchini Tanzania, kusini mwa Sikonge, pale barabara ya kutoka Tabora inapogawanyika kwenda Mpanda na Rungwa. Chukua mfano wa mrina asali aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali ya Sikonge au ya Kitete, Tabora. Kidonda kimepona, nyuzi zimetolewa, amerudi porini. Mwezi wa nne kinena kinawaka kila anapopanda mti kwenye mzinga. Anayemhudumia karibu na nyumbani si aliyempasua, na faili la upasuaji halipo mezani. Kwenye kitabu cha MTUHA namba 5, rejesta ya wagonjwa wa nje, anaandikwa “maumivu ya kinena”, anapewa diklofenaki. Fomu ya bima ikidai msimbo, aliyesomea kanuni ya Marekani atampa msimbo wa mtu aliyetoka kitandani juzi.

Njia ya kale ya misafara iliyopita Tabora ina mgonjwa wake maarufu. Mwaka 1858, kwenye kisiwa cha Ziwa Tanganyika, mbawakawa aliingia sikioni mwa mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke. Siagi iliyoyeyushwa iliposhindwa kumtoa, Speke alijipasua kwa kisu kidogo, akamuua mdudu na kulijeruhi sikio. Upasuaji ulikuwa wa hovyo. Kumbukumbu zake ni bora kuliko za wodi nyingi za leo. Aliandika kwamba hakuweza kutafuna kwa siku kadhaa, kwamba sikio liliziba kwa miezi mingi, kwamba alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, na kwamba vipande vya mdudu vilitoka na nta baada ya miezi sita au saba. Kwa hesabu hiyo, wakati vinatoka alikuwa ama bado Kazeh, ndiyo Tabora ya sasa, ama ameshaanza safari ya pwani. Eneo, muda na kazi iliyoshindikana: vyote vimo. Ila neno “sugu” hakuliandika, na kwa kanuni inayojadiliwa hapa, maumivu ya namna hiyo ni ya muda mfupi.

Uzembe wa wodini unachangia, na si mpya. “CST” (endelea na tiba ileile) tatu mfululizo kwenye faili si kumbukumbu ya maumivu. Wala namba kati ya 0 na 10 haitoshi, ingawa tangu Marekani ilipoanza kuyaita maumivu ishara ya tano ya uhai miaka ya 1990, watu wameiabudu. Aliyepasuliwa tumbo anaweza kutaja 2 akiwa amelala kimya na 9 akikohoa. Namba ya pili ndiyo inayoonyesha kama mapafu yake yatabaki salama. Daktari Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, aliacha mafaili ya wagonjwa ambayo watafiti wa Makerere wameyatumia miongo mingi baada yake, bila kompyuta wala msimbo wa kujifichia.

Thamani ya kuandika chanzo ilionekana mwaka 1998, pale Crombie, Davies na Macrae walipochunguza wagonjwa 5,130 wa kliniki 10 za maumivu Uskoti na kaskazini mwa Uingereza: katika asilimia 22.5, upasuaji ulihusika. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imelitambua tatizo hilo kwa MG30.21 na kuweka mpaka wa miezi mitatu. Kazi nzuri.

Mrina asali wa Ipole anahitaji mstari mmoja: aina ya upasuaji na tarehe yake, upande, mahali panapouma, anachoshindwa kufanya, na kwamba ngiri haijarudi wala hakuna usaha. Hapo, kwa ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, maumivu yahesabiwe sugu, yakifuatwa na Y83 kuonyesha kwamba chanzo ni upasuaji. Tarehe isipopatikana, muda uachwe bila kubainishwa, isiandikwe G89.18.